Gari Lisilonunua Breki

Ukimfumba macho Bi Plagi ukamtia mkononi kipande chochote cha gari dogo la petroli, atakipandisha na kukishusha kama mtu anayekadiria uzito wa kitunguu sokoni, kisha atakwambia ni kitu gani, cha gari lipi, na kama bado kina maisha au kimekwisha. Mafundi wa mtaa ule walimjaribu miaka nenda miaka rudi. Walimletea vyuma vilivyoviringishwa kwenye matambara, wakaweka dau la soda, na soda akanywa yeye. Mwishowe waliacha, si kwa heshima bali kwa sababu soda zilipanda bei.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba kama korido: rafu kutoka sakafuni hadi darini, harufu ya mpira mpya na grisi, ngazi ya mbao iliyokosa kidato cha tatu, na kaunta ya kioo iliyopasuka pembeni ikazibwa kwa utepe wa gundi. Nyuma ya kaunta hiyo Bi Plagi alikuwa amekaa miaka kumi na tisa. Aliajiriwa aandike risiti kwa wiki mbili tu, mpaka apatikane mtu wa kudumu. Mtu wa kudumu alikuwa ameshapatikana siku ile ile, ila hakuna aliyemwambia.

Gari hakuwa nalo. Hakuwahi kuwa nalo, kuendesha hajui, na kutoka kwake hadi dukani ni dakika kumi na mbili kwa miguu, kumi kama mvua inanyesha. Waliomuuliza inakuwaje mtaalamu kama yeye anatembea kwa miguu, aliwajibu kwa swali: "Kwani muuza majeneza lazima afe kwanza?"

Jina alilipata mwezi wake wa kwanza. Fundi mmoja alikuja kununua plagi, wiki iliyofuata akaja kununua nyingine, na ya tatu vile vile. Mara ya nne, yule mwandishi wa risiti ambaye hata boneti hajui linafunguliwa wapi akamwambia, "Kaka, shida yako si plagi." Fundi alifoka kweli kweli. Jioni akarudi ameinamisha kichwa, maana shida haikuwa plagi. Oili ilikuwa inavujia ndani ya injini. Tangu siku hiyo akaitwa Bi Plagi, na tangu siku hiyo akaanza kujua kwamba anajua. Hili la pili ndilo la kuangalia, maana ndilo lililokuja kumponza.

Kilichompa jeuri kilikuwa daftari. Kila kipande kilipotoka dukani alikiandika kwenye kitabu cha Tajiri, mwenye duka, kama alivyotakiwa. Halafu alitoa daftari lake mwenyewe, la mistari, la kawaida tu la shule, akachora mstari mmoja chini ya jina la gari lililonunuliwa kipande hicho. Hakuna aliyemtuma. Alitaka tu kujua. Wapo watu wakiona gari linapita wanaona gari linapita, na wapo ambao hawalali vizuri mpaka wajue linapita kwa gharama gani. Tajiri alimtania kwamba anaandika magonjwa ya magari ya wenzake kama mganga asiyetibu, naye alicheka, akachora mstari.

Magari madogo yenyewe watu wa mtaa walikuwa wameyapa majina. Lile la pembe pembe, lenye mlango wa nyuma uliokatwa wima kama kwa panga, waliliita Kibiriti, na lilikuwa kila kona. Lile la mviringo, jororo, la kupendeza hata likiwa na matope, waliliita Yai.

Jumatatu moja, saa sita mchana, akaingia mdogo wake.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimepata kazi."

Mdogo wake huyu alikuwa muuguzi. Walikuwa wawili tu, wamepishana miaka kumi na moja, na mama yao alipofariki, mkubwa alimlea mdogo: alimsuka, alimpiga, alimchagulia shule, na hata chuo cha uuguzi ni yeye aliyekipigia hesabu. Sasa kazi iliyopatikana ilikuwa nzuri kuliko zote. Hospitali ndogo ya jirani ilitaka muuguzi wa kuzunguka majumbani kuwaangalia wagonjwa wasioweza kufika, wengi wao wazee. Mshahara karibu mara mbili ya wa wadi. Sharti moja: awe na gari lake, na aanze tarehe mosi, yaani baada ya siku kumi na mbili.

Pesa ilikuwepo, na hapo ndipo roho ilipokuwa mkononi. Kiwanja cha wazazi kiliuzwa, wakagawana. Mkubwa fungu lake lilipaua nyumba. Mdogo alilifungia benki miaka minne, hakuligusa hata alipougua. Pesa ya namna hiyo huja mara moja. Wazazi hawafi mara mbili. Likinunuliwa gari bovu, kazi imekwenda, fungu limekwenda, na hakuna pa kuanzia tena.

"Nimeona mawili," mdogo akasema, akiegemea kaunta. "Bei sawasawa. Kuna Kibiriti, kina miaka kumi na tano, kimekwenda kilomita laki mbili na kitu, rangi imepauka. Na kuna Yai. Miaka tisa tu, kilomita elfu sitini, viti safi kama vya jana. Tena mwenyewe ananiambia linakwenda kilomita kumi na nane kwa lita. Kibiriti ni kumi na nne, siku nzuri."

"Mwenye gari hajawahi kulisema vibaya gari analouza. Ngoja tuulize hapa." Bi Plagi akatoa daftari, akalamba kidole, akafungua. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikicheza. "Mwaka uliopita, Kibiriti: mistari mia nne na kumi na mbili."

"He!"

"Yai." Hakuhitaji kalamu. "Tisa."

"Tisa?"

"Mwaka mzima. Mdogo wangu, Kibiriti kinaumwa kila uchao. Yai haliumwi. Nenda kanunue Yai."

"Basi, kama wewe umesema, dada."

Akaenda. Jioni alipiga simu kwamba ametoa sehemu ya kumi ya bei kulishikilia lile Yai hadi Jumamosi, na kwamba akibadili nia pesa hiyo hairudi, wameandikishana. Bi Plagi akamwambia amefanya vizuri. Akajisikia vizuri pia, maana kuulizwa na mtu umpendaye jambo unalolijua ni utamu wa aina yake.

Sasa, mtu mwingine angeishia hapo. Lakini udadisi ni kama uzi wa nyama kwenye jino, ulimi hauachi kuufuata. Baada ya chakula Bi Plagi alifuta meza, akapiga mstari katikati ya karatasi, upande huu Kibiriti, upande huu Yai, miaka mitano mbele. Alitaka kuona kwa macho yake mdogo wake ataokoa kiasi gani, na, tuseme ukweli, alitaka amwonyeshe.

Alianza na petroli. Kilomita sitini kwa siku, siku ishirini na tano kwa mwezi: Yai lingeokoa lita ishirini na nne kila mwezi. Akatabasamu. Bima ilikuwa sawa kwa yote mawili. Tairi, Yai ghali kidogo. Betri, sawa. Oili na filta kila kilomita elfu tano. Akafika kwenye breki. Upande wa Kibiriti aliandika bei bila kufikiri, jozi ya mbele na ya nyuma, ya bei nafuu na ya maana. Upande wa Yai kalamu ikasimama.

Bei ya breki za Yai hakuijua.

Alikaa akiitazama nafasi ile tupu. Alijua bei ya skrubu ya taa ya nyuma ya magari ambayo hayatengenezwi tena. Breki za Yai, hajui? Aliona haya, ingawa chumbani alikuwa peke yake.

Asubuhi alifika dukani kabla ya Tajiri, akapanda ngazi, akapekua rafu. Hakuna breki za Yai. Akafungua kitabu cha mauzo kutafuta vile vipande tisa, akaviandika kimoja kimoja: waipa, jozi nne. Globu za taa, tatu. Kioo cha pembeni, kimoja. Kifuniko cha tangi la petroli, kimoja. Basi. Breki hakuna. Filta ya oili hakuna. Hata plagi, jamani, hata plagi moja!

Akaifunga kalamu. Gari bovu linakula vipuri, sawa, lakini gari zima nalo linakula. Linakula breki kwa sababu linasimama, na linasimama kwa sababu lilikuwa linakwenda. Gari ambalo mwaka mzima halijanunua breki wala filta limepona ugonjwa gani huo?

"Labda wananunua kwingine," alijiambia. Akawapigia simu wenzake wawili wa maduka ya mtaa wa pili, wauzaji wa kaunta kama yeye. Wa kwanza alisema hajawahi kuuza. Wa pili alicheka mpaka akakohoa. "Breki za Yai? Sijaulizwa tangu nizaliwe. Kwani kuna mtu ana haraka nalo?"

Alikata simu, akatoa kigoda nje, akaketi mlangoni na kipande cha karatasi. Tajiri alipofika alimkuta akitazama barabara, anachora.

"Umeajiriwa trafiki?"

"Nahesabu, Tajiri. Nipe saa moja."

"Na wateja?"

"Wakija watanipita mlangoni."

Saa moja kamili. Vibiriti sitini na kimoja, vingine vikipiga kelele ambazo angeweza kuzitajia bei. Yai, moja. Lilipita polepole, linang'aa, dereva amekamata usukani kwa adabu zote, na mbele yake kulikuwa na kamba, na mbele ya kamba kulikuwa na Kibiriti kinalivuta. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Bi Plagi alilitazama daftari lake kama mtu anayemtazama rafiki aliyemficha jambo.

Risiti zilikuwa na namba za simu za wanunuzi. Alhamisi aliomba ruhusa mapema, akaenda kwanza kwa mtu aliyenunua waipa mara mbili kwa mwaka. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, shati limepigwa pasi hata mikono, na alifurahi kupita kiasi kusikia kwamba mtu wa duka la vipuri amekuja kuliona gari lake. Alimpitisha uani. Akalifunua turubai taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala.

Yai lilikuwa jeupe, safi, halina mkwaruzo. Unaweza kulila.

"Ingia, keti," alisema mwalimu. Akawasha swichi. Taa zote zikawaka, redio ikaanza kusoma habari. "Umeona? Hakuna kilichokufa."

"Naona, mwalimu. Linatembea?"

"Litatembea."

"Lilisimama lini?"

"Miezi kumi na minne sasa. Gia tu. Kuna kipande kidogo hakipatikani hapa, kinaagizwa." Alilisema neno "kidogo" kwa upole, kama vile kipande kingemsikia. "Betri naichaji mwenyewe, na jioni huja hapa kusikiliza habari. Viti vyake vizuri kuliko vya sebuleni."

"Na ni kweli kwamba halili petroli?"

"Dada yangu," mwalimu akasema bila kucheka, "mwaka huu halijala kabisa."

Bi Plagi alitaka kucheka, akashindwa. Aliuliza waipa alizinunulia nini, gari lenyewe liko chini ya turubai. Mwalimu alieleza kwamba joto hukausha mpira, na yeye hapendi siku gari litakapoamka likute waipa mbovu. Bi Plagi alimwambia ni kweli, mpira hukauka. Aliona uchungu, uchungu hasa, kwa yule mzee na kwa mistari miwili aliyoichora kwa ajili yake, akaihesabu kuwa dalili ya afya.

Mnunuzi wa pili alikuwa mshonaji. Yai lake lilisimama nyuma ya banda la kazi, limejaa vitambaa hadi darini, kitenge juu ya usukani, vifungo kwenye kisanduku cha mbele. Globu alizinunua ili aone rangi za nyuzi vizuri. "Stoo nzuri sana," alimwambia. "Panya hawaingii. Ila usije ukanunua kwa ajili ya kwenda mahali."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa fundi wa gia, yule yule aliyewahi kumfokea kuhusu plagi, sasa ana mvi. Akampa habari zote. Fundi alifuta mikono, akakaa juu ya tairi.

"Yai kama Yai si gari baya," alisema. "Injini tamu. Ila lina kijigia kimoja, likifika kilomita elfu sabini, themanini, kinakwisha. Kipande hicho ni theluthi ya bei ya gari zima, na kinakuja kwa meli, miezi minne ukiwa na bahati. Mtaa huu najua mayai kumi na moja. Yanayotembea ni mawili."

"Na Kibiriti?"

"Kibiriti ni mafua. Leo kinapiga chafya, kesho kinakohoa, unakipa dawa kinakwenda. Gia yake ikifa, naleta ya gari lililovunjwa, asubuhi hadi alasiri nimefunga. Bi Plagi, wewe si ndiye unayetuuzia? Nilidhani unajua."

"Nilidhani hivyo hivyo," akasema Bi Plagi.

Akarudi nyumbani, akaipiga hesabu upya kabla giza halijaingia. Vibiriti vya mtaa ule havipungui mia mbili. Mistari mia nne na kumi na mbili, ukiigawa, ni vipande viwili kwa gari kwa mwaka, filta ikiwemo. Hata maduka yale mawili mengine yakiuza kama lao, ni vipande sita. Gari gani la kazi halili vipande sita kwa mwaka? Kisha akaja kwenye Yai la mdogo wake. Kilomita elfu sitini sasa, na kazi ingeliongezea elfu kumi na nane kila mwaka. Kabla mwaka wa pili haujaisha lingekuwa uani. Petroli yote ambayo lingeiokoa, kipande kile kimoja kingeimeza na kubakia na njaa. Na kwa nini, alijiuliza akiwa amechelewa siku tatu, mtu auze gari zuri vile likiwa na elfu sitini tu?

Ijumaa alitoka kazini akaelekea kwa mdogo wake, na njia nzima alikuwa akitunga uongo. Usimlaumu haraka. Ulikuwa uongo mzuri, wenye faida: angesema amesikia lile Yai liliwahi kupata ajali, au muuzaji si mtu wa kuaminika. Mdogo wake angeachana nalo, fungu lingepona, na Bi Plagi angebaki Bi Plagi. Uongo huo ulimfikisha hadi mlangoni ukiwa mzima.

Mdogo wake alikuwa sebuleni, amepanga mezani mkoba wa kazi mpya: glavu, kipima joto, bandeji, kila kitu mfukoni mwake. Juu ya kochi kulikuwa na vitambaa vipya vya kuvalisha viti vya gari. Bi Plagi akavitazama, na uongo ukamtoka mikononi.

"Usinunue Yai. Nilikosea."

"Limeharibika?"

"Halijaharibika. Mimi ndiye niliyekosea." Akamweleza yote, breki, mwalimu, kamba, kijigia, hakubakisha. "Nilihesabu yaliyokuja dukani. Yale yasiyokuja nikayaita mazima. Kumbe yasiyokuja ndiyo yaliyokufa."

Mdogo wake aligeukia mezani. Alichukua glavu, akazikunja, akazikunjua.

"Kule kliniki," alisema hatimaye, "mgonjwa asipoonekana miezi miwili hatuandiki kwamba amepona. Tunamfuata nyumbani. Ndiyo kazi yenyewe niliyopewa, dada. Kuwafuata wasiokuja."

Bi Plagi alimkodolea macho. "Kwa hiyo uliposikia tisa..."

"Nilishtuka. Nilijiuliza, mbona machache hivi? Yako wapi mengine?"

"Na hukuniambia!"

"Nani akwambie?" Sauti ya mdogo wake haikupanda, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Wewe hujawahi kukosea. Shule ulichagua wewe. Chuo ulichagua wewe. Nikiwa na miaka kumi nilisema viatu vinanibana, ukapima kwa rula ukaniambia havibani. Nikavivaa muhula mzima. Nilipokuwa naondoka pale dukani nilijiambia, dada anajua magari, mimi najua nini? Nikaenda kutoa pesa ya marehemu wazazi wetu kwa jambo ambalo moyo wangu ulikuwa unalikataa."

Kama angefoka, Bi Plagi angejua la kufanya. Wateja wanaofoka alikuwa nao tangu asubuhi. Hili hakuwa na rafu yake. Aliona aibu na huzuni kwa pamoja, akakaa kwenye kochi, juu ya vile vitambaa vipya, akasema, "Viatu hivyo sivikumbuki."

"Najua."

Wakanywa chai. Alipoondoka, mdogo wake alimsindikiza hadi barabarani kama kawaida, akamwambia, "Kesho twende wote. Lakini usiongee."

Jumamosi asubuhi Kibiriti kilikuwa bado kinauzwa. Mwenye nacho, mwanamume mnene mwenye kalamu sikioni, alimtambua Bi Plagi hapo hapo, akamgeukia yeye. "Ah, mtaalamu mwenyewe! Njoo uangalie injini, mama, wewe ndiye unayejua."

"Mwulize mwenye pesa," akasema Bi Plagi, akaishika mikono yake nyuma ili isiende yenyewe kwenye boneti.

Mdogo wake hakufungua boneti kwanza. Alifungua mlango wa nyuma, akaingia kinyumenyume, polepole, kama mwanamke wa miaka themanini mwenye nyonga mbovu, akatoka, akaingia tena. Akapima kwa mkono nafasi ya kuweka magongo. Akaingiza mkoba wake nyuma, akafunga na kufungua mlango mara tatu. Kisha akauliza kimelala mara ngapi barabarani mwaka huu, na kwa nini, na ni nani anayekitengeneza, akampigia fundi huyo simu pale pale. Bi Plagi, ambaye angeanza na plagi, alisimama pembeni akitazama. Alikuwa hajawahi kufikiria kwamba gari lina mtu anayeingia kwa nyuma. Alitaka kuuliza mambo kumi, na safari hii yote yalikuwa ya kumuuliza mdogo wake.

Ndipo yule fundi wa gia mwenye mvi akaja kulisikiliza gari, akakubali. Bei ikashuka kidogo kwa ajili ya ile rangi. Mkataba ukaandikwa juu ya boneti.

Walipobaki wawili, ndani ya Kibiriti, mkubwa kushoto na mdogo kulia mbele ya usukani, Bi Plagi alisafisha koo.

"Ile pesa uliyoitoa kulishikilia Yai. Nitakulipa mimi. Yote."

"Utalipa nusu."

"Kwa nini nusu? Kosa ni langu."

"Nusu nyingine ni yangu," mdogo wake akasema, akifunga mkanda. "Ya kunyamaza."

Bi Plagi akataka kubisha, maana katika hesabu hakuwa amezoea kusaidiwa. Lakini gari lilikuwa limeshawaka.